Kidoti kaambiwa ana ndigana

Haya wadau, nimerudi. Mlionitumia meseji kuuliza kama nimekula disko, hapana, nipo, dahalia ile ile, kitanda kile kile cha juu. Kimya changu cha wiki tatu kimesababishwa na ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Tulieni nisimulie.

Wanaonijua wanajua kwa Bibi ni Kiboje, na kwamba nusu ya nauli zangu hulipwa na maziwa. Boom likichelewa (na lini halikuchelewa?) anayenitoa ni Kidoti. Kidoti ni jina la ng'ombe, msije mkadhani nasema kile kijiji cha kule kaskazini. Kaitwa hivyo kwa doa jeupe alilonalo kwenye paji la uso. Ni chotara: mama wa kienyeji, baba sindano, kama anavyopenda kusema mjomba. Kwa siku anatoa lita saba, nane akishiba vizuri. Nyumba nne za jirani huchukua kwake, na zinazobaki hupakiwa kwenye daladala ya asubuhi, zinakwenda kwa mtu wa mgahawa Mwanakwerekwe.

Sasa, miezi kadhaa nyuma walipita watu wa utafiti, wakachukua damu za ng'ombe pale kijijini. Sitaji walikotoka na wala sina ugomvi nao, vijana wa watu wenye adabu, wakamsalimia Bibi kwa heshima zote. Wakamkamata Kidoti, wakavuta damu kidogo shingoni, wakaandika namba, wakachukua na namba ya simu ya mjomba, wakaondoka. Tukasahau. Halafu wiki tatu zilizopita mjomba akaingiliwa na meseji. Ameiweka mpaka leo, nimeisoma kwa macho yangu: Theileria parva CHANYA, Anaplasma marginale CHANYA, Babesia bigemina HASI, asante kwa ushirikiano wako. Basi. Hapana neno la zaidi.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya mjomba. Neno pekee alilolielewa pale ni "asante". Akaipeleka barzani. Pale barzani kuna mzee mmoja aliyepimwa korona mwaka 2021 alipotaka kusafiri kwenda Muscat kwa mwanawe, naye akatoa fatwa: chanya maana yake unao. Ulipofika Magharibi kijiji kizima kishajua kuwa ng'ombe wa Bibi ana ugonjwa wenye jina la Kilatini. Asubuhi yake nyumba mbili kati ya nne hazikuleta vyombo. Mjomba akampigia mchinjaji. Na baada ya mchinjaji, akanipigia mimi.

"Wewe si unasoma mambo hayo ya Bayolojia? Njoo utwambie kabla mtu wa watu hajaja na kisu chake."

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ni Bayolojia na Kemia. Si daktari wa mifugo. Lakini mkienda shamba nyote mnajua: ukishakuwa chuo kikuu wewe ni daktari, mwanasheria, na fundi wa simu. Nikaenda Ijumaa baada ya sala, desa la zuolojia nimelitia kwenye mkoba.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana wengine mmekulia Mji Mkongwe, na ng'ombe mnamjulia kwenye mishkaki ya Forodhani.

Ndigana kali inaletwa na kidudu kidogo sana, hicho Theileria parva, kinachosafirishwa na kupe wa kahawia anayependa kujazana kwenye masikio ya ng'ombe. Kupe huyu hula kwa watu watatu: akiwa mdogo kabisa anapanda ng'ombe mmoja, anakunywa damu, anashuka. Anajivua, anapanda mwengine, anashuka. Akiwa mkubwa anapanda wa tatu. Akikunywa damu yenye vidudu katika hatua moja, anavimwaga katika hatua inayofuata. Na hapa kuna jambo lilinifurahisha nilipolisoma: hamwagi siku ile ile anapouma. Vidudu vinahitaji siku tatu au nne za kunyonya ndipo vikomae kwenye mate yake. Ndiyo maana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huambiwa kunyunyizia dawa mara mbili kwa wiki. Watu wanadhani ni maneno ya wenye duka la dawa, kumbe ni hesabu: umuwahi kupe kabla mate yake hayajaiva.

Vikishaingia, vinafanya kitu cha ajabu. Vinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile askari wa mwili, na kuzifanya zianze kugawanyika ovyo, kama saratani. Kila chembe inapogawanyika, kidudu nacho kinagawanyika pamoja nayo, kila mtoto anapata fungu lake. Tezi zinavimba, hasa chini ya sikio. Homa inapanda, mapafu yanajaa maji, na ng'ombe asiyetibiwa mapema mara nyingi hamalizi mwezi. Ng'ombe wa kigeni na chotara ndio wanaokufa sana. Wa kienyeji waliozaliwa penye kupe huhimili zaidi.

Bibi alinisikiliza mpaka hapo, kisha akasema, "Basi hiyo Kidoti kashaumwa."

"Lini, Bibi?"

"Alipokuwa mtamba. Hujui wewe, ulikuwa ndani unasoma mtihani wa Fomu Foo. Hapa palivimba kama yai la bata." Akajigusa chini ya sikio lake mwenyewe. "Daktari akaja akampiga sindano mbili. Siku ya tatu akala majani."

Nikamtazama mjomba, mjomba akatazama makuti ya banda. Yeye ndiye aliyelipia sindano zile, na kwake hazikuwa na uhusiano wowote na meseji ya kwenye simu. Mimi nilipata jibu langu pale pale. Mnyama aliyepona ndigana kali anaweza kubaki na vidudu vichache mwilini kwa muda mrefu, hana homa, hana tezi, anakamuliwa kama kawaida. Wataalamu wanamwita mchukuzi. Daktari mwenye hadubini akipaka tone la damu yake kwenye kioo, akalitia rangi na kuchungulia, aghalabu haoni kitu, kwa sababu vidudu ni haba mno. Vijana wale hawakutumia hadubini. Walitumia PCR.

Neno hili wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza kwenye korona, lile la kupimwa kabla ya kupanda ndege. Lakini kipimo ni cha zamani. Mmarekani Kary Mullis alikibuni mwaka 1983 na kupewa Nobel mwaka 1993. Ilibidi nimweleze mjomba, na niliitumia njia ambayo nataka kuijaribu kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo walimu wenzangu mnisahihishe kwenye maoni.

Nikamwambia: mjomba, chukulia damu ya Kidoti ni maktaba. Vitabu karibu vyote ni vya Kidoti mwenyewe, vinasimulia namna ya kutengeneza pembe, kwato, maziwa. Lakini huenda kuna kitabu kimoja kimejificha humo, cha kidudu. (Kitabu hicho chote kilishasomwa; mwaka 2005 wanasayansi walitangaza wameuandika mpangilio mzima wa vinasaba vya Theileria parva, herufi kama milioni 8.3.) Huwezi kupekua maktaba nzima. Ila unajua sentensi ya mwanzo na ya mwisho ya ukurasa mmoja ambao haupatikani kwenye kitabu kingine chochote. Sasa unachukua mashine ya fotokopi yenye akili, unaiambia: ukikuta ukurasa unaoanza hivi na kuishia hivi, utoe nakala. Usipoukuta, kaa kimya. Mara ya kwanza nakala moja inakuwa mbili. Halafu zile mbili zinakuwa nne. Nne, nane. Ukirudia mara kumi una nakala 1,024. Mara ishirini zinapita milioni. Mara thelathini zinapita bilioni. Karatasi moja haionekani gizani, lakini bilioni moja hata asiyeona ataikanyaga.

Mjomba akacheka. Akasema, "Na fotokopi hiyo wanaitia umeme wa wapi, huu wetu unaokatika?"

Swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu mashine yenyewe kazi yake ni kupasha na kupoza tu. Inapanda mpaka kama nyuzi 95, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Inashuka mpaka hamsini na kitu au sitini, vile vipande vifupi vya mwanzo na mwisho vinanasa mahali pake. Inapanda tena mpaka 72, kimeng'enya kinajaza katikati. Basi, mzunguko umekwisha, rudia. Kimeng'enya cha kawaida kingechemka kikaharibika kama yai, kwa hiyo wanatumia kilichotoka kwa bakteria anayeishi kwenye chemchemi za maji ya moto, Yellowstone, Marekani. Bakteria huyo aliokotwa miaka ya 1960 na mtu aliyekuwa anataka tu kujua nani anaweza kuishi kwenye maji ya moto namna ile. Hakuwa na habari ya korona wala ya Kidoti. Wanaotuuliza "somo hili litakusaidia nini maishani" nawaachia hilo.

Kwa ndigana kali ukurasa unaotafutwa sana ni jeni linaloitwa p104, na kwa wachukuzi wenye vidudu haba hufanywa fotokopi mara mbili: kwanza ukurasa mzima, kisha aya moja ndani ya nakala zile. Ipo na njia ya kutafuta wadudu wengi kwa mpigo, maana ng'ombe wa shamba hana kupe wa aina moja. Anaplasma, ile inayoleta ndigana baridi, ni bakteria anayekaa kwenye chembe nyekundu. Babesia ndiyo ile ya kukojoa mkojo mwekundu. Kuna hata ndugu wa Theileria wasio na madhara makubwa, na kwenye hadubini wanafanana mno na yule muuaji. Hapo ndipo PCR inapoipita hadubini: inawatofautisha kwa maandishi, haiangalii sura.

Kuhusu kufanana sura kuna kisa, na kimetokea hapo ng'ambo tu. Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua kidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Akachungulia damu za ng'ombe wa pwani yetu, akaona vidudu vidogo vidogo ndani ya chembe nyekundu. Akadhani ni utoto wa kidudu kingine, kile cha homa ya Texas, ambacho Wamarekani Smith na Kilborne walikuwa wameshaonesha mwaka 1893 kuwa kinaletwa na kupe. Kumbe alikuwa anamtazama usoni mdudu mpya kabisa. Hadubini nzuri, macho mazuri, na bado.

Halafu ikawa hivi. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa kusini mwa Afrika mwaka 1896 na 1897, na wakoloni wa Rhodesia walitaka ng'ombe wa kuanzia upya. Mwaka 1901 wakaletewa wengine kwa meli kutoka pwani yetu hii, wakashushwa Beira, wakapandishwa bara. Ng'ombe wale walikuwa wazima wanakula majani. Ng'ombe wa Umtali na Salisbury (siku hizi Mutare na Harare) wakaanza kufa. Ugonjwa ukashuka mpaka Afrika Kusini, na iliwachukua kama nusu karne kuuondoa, kwa majosho, senyenge na kuchinja. Kupe mwenyewe alibainishwa na Lounsbury kule Rasi, na kidudu kikapewa jina lake na Theiler, yote mwaka 1904. Ugonjwa wakauita homa ya Pwani ya Mashariki. Pwani yenyewe ni hii yetu! Watu wanajulikana kwa karafuu na taarabu, sisi tukajulikana na hilo pia.

Turudi Kiboje. Nilipomaliza maelezo ya fotokopi nilidhani kazi imekwisha. Kidoti aliumwa, akapona, kabakiwa na vidudu vichache, meseji imesema kweli na ng'ombe haumwi. Mwalimu wetu wa zuolojia niliyempigia simu siku ile alilisema kwa sentensi moja: kipimo kimejibu "wamo au hawamo", hakikuulizwa "anaumwa au haumwi". Tena hata HASI ya Babesia isichukuliwe kama hati. Ng'ombe ana damu lita kumi na kitu, wao wamepima matone.

Maziwa nilimaliza haraka. Ndigana kali haimwingii binadamu, wala hiyo Anaplasma ya ng'ombe. Maziwa yachemshwe kwa sababu nyingine, brusela na kifua kikuu, na yalitakiwa kuchemshwa hata kabla ya meseji. Bibi akatuma mtoto kwa zile nyumba mbili. Moja imerudi. Ya pili mpaka leo inanunua ya paketi dukani, na Bibi anaitaja kila siku kwa sauti ya kusikika hadi uani kwao.

Kilichobaki kilikuwa kizito, na sikukitarajia. Mjomba alikuwa ameshamwachia yule mchinjaji, lakini akawa na wazo jengine. Kuna mtu wa Makunduchi anatafuta ng'ombe wa maziwa, ana pesa taslimu, na bei anayoitoa ni zaidi ya mara mbili ya bei ya nyama. Mjomba ana mtoto anaingia Fomu Wani na paa la banda linavuja. Akasema tumuuze Kidoti kwa mtu huyo, tubaki na ndama.

Bibi akauliza swali moja tu. "Utamwambia, au humwambii?"

"Nimwambie nini na mjukuu wako kasema ng'ombe mzima?"

Wote wakanigeukia mimi. Wallahi natamani mngekuwepo. Kwa sababu mjomba alikuwa na hoja. Unguja hapa ndigana ipo siku nyingi, kupe wapo, na ukipima ng'ombe wakubwa shamba hadi shamba, Kidoti hatakuwa peke yake. Ukimuuza mchukuzi mahali ambapo kila jirani naye ni mchukuzi, umeongeza nini? Pengine kidogo sana. Na ng'ombe aliyekwisha kuumwa akapona ana kinga, mfugaji mwenye akili angemtaka huyo kuliko asiyewahi kuumwa kabisa. Lakini mtu wa Makunduchi angeweza kuwa na mitamba ya kigeni ya banda safi, haijawahi kuona kupe maishani mwake. Hatumjui.

Nikawapa kisa cha Ngazija. Hiki nilikuwa nacho kichwani kwa sababu ya jirani yetu wa Malindi, mama wa Kingazija ambaye kila tukikutana ngazini hunipa habari za kwao. Komoro hawakuwa na ndigana kali. Mdudu hakuwapo kisiwani. Mwaka 2003 na 2004 ng'ombe wa Ngazija wakaanza kufa, na kabla mambo hayajatulia kisiwa kilikuwa kimepoteza karibu asilimia 10 ya ng'ombe wake. Wataalamu wakachukua damu, wakapiga PCR, wakakata nakala kwa vimeng'enya na kuzilinganisha. Wakakuta vidudu vile vinalingana na aina mbili kati ya tatu zilizomo kwenye chanjo inayotumika Tanzania.

Chanjo! Hapa mjomba akaweka kikombe chini.

Chanjo ya ndigana kali si kama ya surua. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji. Ndani yake mna vidudu hai kutoka kwenye kupe, vya aina tatu. Ng'ombe anachomwa vidudu hivyo na dawa ya kuvidhibiti siku moja. Anaumwa kidogo, anapona, anapata kinga ya muda mrefu. Wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa nchi wameitumia kwa wingi tangu miaka ya 1990, na ndama wengi wameokoka. Lakini aliyechanjwa anaweza kuwa mchukuzi, sawasawa na Kidoti aliyepona kwa sindano. Ng'ombe walionunuliwa Tanzania na kupelekwa Ngazija walikuwa wamekingwa, hawana ila. Kilichokuwa kinga kwetu, kwao kikawa ndio mlango.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo," mjomba akasema.

"Hakuna aliyeulizwa," akajibu Bibi.

Nikanyamaza. Sikusoma ualimu ili niwaamulie wakubwa. Ila aliponitazama Bibi nikamwambia kama mimi ndiye ninayeuza, ningemwonesha yule mtu meseji, nikamweleza habari ya sindano mbili, kisha anunue au asinunue. Mjomba akasema kwa bei hiyo hatanunua. Nikasema huenda. Akatoka akaenda msikitini kabla ya adhana, na nyote mnamjua mtu anayewahi msikitini kwa hasira.

Tulipobaki wawili Bibi akanikumbusha habari za mbung'o. Anazikumbuka vizuri, miaka ile ya 1990 ndege zilikuwa zinapita zikimwaga mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, wakitoka kuzalishwa Tanga. "Tulicheka. Tukasema Serikali imerukwa na akili, inaleta mbung'o kuua mbung'o." Zilimwagwa milioni nane na zaidi, mbung'o wa mwituni wa mwisho akanaswa mwaka 1996, na hadi leo nagana ya mbung'o Unguja ni hadithi. "Sasa kupe mbona hawawafanyii hivyo?" Nikamweleza kuwa mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akipata dume tasa basi kizazi chake kimekwisha, na hata akizaa huzaa mmoja mmoja. Kupe jike akishiba damu anashuka na kutaga maelfu kwa mkupuo. Bibi akatikisa kichwa. "Basi huyo atatuzika." Akaenda kumtazama ndama.

Na ndama ndiye aliyenifanya nisirudi dahalia siku ile. Ana miezi miwili, jike, hana doa, bado hana jina. Hajawahi kuumwa. Anafungwa hatua mbili kutoka kwa mama yake, na kupe wanaoshuka kwa mama, wakajivua kwenye majani, watapanda kwake. Meseji ilikuwa na maana kwa huyu kuliko kwa Kidoti, na wiki nzima hakuna aliyemtaja. Nilimpapasa masikio nikatoa kupe sita. Nikazitia kwenye chupa ya spiriti, tatu zilikuwa za kahawia. Chini ya sikio hapajavimba kitu, na Bibi akanionesha kwa vidole vyake pahali pa kugusa kila asubuhi.

Jumapili mjomba akarudi kwenye mazungumzo kama vile hayakuwahi kukatika. Kaleta pampu ya mgongoni ya kuazima na chupa ya dawa, akaniuliza vipimo. Sikumjibu kichwani kwangu, nikamsomea vilivyoandikwa kwenye chupa, halafu tukampigia daktari wa mifugo wa wilaya tuhakikishe kwa ndama wa umri ule. Akatupa na kipimo cha joto tukakinunue: likipita nyuzi 39.5, tumpigie asubuhi ile ile, tusisubiri tezi, kwa sababu dawa ya ndigana inafaa mapema tu. Kuhusu chanjo akasema tuje ofisini tuzungumze. Mjomba kakubali kwenda Jumatatu ijayo.

Mtu wa Makunduchi alikuja Jumanne, mimi nishakuwa chuoni. Mjomba kanisimulia kwa simu. Alimwonesha meseji. Yule mtu akaisoma, akauliza aliumwa lini, akatibiwa na nini, kisha akakata bei robo nzima, akasema atarudi na jibu baada ya kuzungumza na mkewe. Hajarudi. Bibi anasema asirudi. Mjomba anasema akirudi kwa bei ya mwanzo tutakaa tena.

Leo asubuhi joto la ndama lilikuwa 38.7. Mjomba kanitumia picha ya kipimo, imetikisika, nusu yake ni kidole chake. Kesho nina jaribio la Saikolojia ya Elimu na desa lenyewe sijaligusa, mwenye nalo kamili anitafute chumbani baada ya Isha. Na mwenye jina zuri la ng'ombe jike asiye na doa aandike hapo chini, Bibi kaniagizia.